Wageni Waliotoka Kwenye Spika

Niliota usiku wa jana, na ndoto ilinikuta nimekwisha kukasirika. Tulikuwa katika chumba chetu cha kisomo: akina mama wanafunzi upande mmoja, wanaume wa mtaa upande wa pili, na mbele yetu Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Ndunguru. Alitaka tupige kura ili chumba kigeuzwe ghala la saruji ya mpwa wake.

Ni katika chumba hicho nilimojifunza kusoma, nami ni mama wa watoto wanne. Tangu hapo nasoma mwenyewe karatasi ya kliniki ya mwanangu, bila kumpelekea jirani siri za nyumba yangu. Sasa walitaka kuweka mifuko mahali nilipoketi.

Wenzangu walinichagua niseme. Kanisius, fundi mitambo, alinikabidhi maiki, kisha akazungusha vifundo vyote vya amplifaya, mashine ya kukuza sauti, mpaka mwisho. Kwetu ndivyo mtu anavyoheshimiwa. Baba wa bibi harusi hupewa sauti yote, mgeni rasmi hupewa sauti yote, hata marehemu husomewa wasifu wake mpaka mabati yatetemeke.

"Mama Batlida," alisema, "leo nimekupa heshima kamili. Usiponisifu utakuwa mchoyo."

Ninafungua kinywa. Sauti yangu inatoka kama safu ya vilima, mviringo na kijani kibichi, inaingia kwenye amplifaya. Humo ndani kuna dari. Vilima vinaigonga, vinakatwa vilele, vinatokea kwenye spika vikiwa bapa kama meza. Vilele vinaanguka miguuni pangu. Leokadia, tunayeketi naye dawati moja, anaviokota na kuvifunga kwenye kanga yake.

Kisha kwenye spika wakatoka watu. Walikuwa wembamba, wote wamevaa gauni langu, na walipozungumza ilikuwa kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Waliketi kwenye madawati yetu bila kupiga hodi.

"Ninyi ni akina nani?" niliuliza.

"Sisi ni sauti zako," alijibu aliyetangulia.

"Mimi sikuwatamka."

"Ni kweli, hukututamka. Ulikatwa vilele, nasi tukazaliwa palipokatwa. Kura inapigwa saa ngapi? Sisi tunapenda saruji."

"Karibuni sana, wananchi wenzangu," alisema Bwana Ndunguru, ambaye mimi alikwisha kuniuliza mara mbili kama kweli ni mkazi wa mtaa.

Damu ilinichemka. Nilipaza sauti zaidi, na kadiri nilivyopaza ndivyo wageni walivyozidi kumiminika.

Mara niko ndani ya amplifaya. Kuna joto la tanuri la matofali. Wanaume wawili wamesimama chini ya dari, kila mmoja na panga lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mnanikata?"

"Hatuna ugomvi nawe. Umeme wetu unaishia hapa. Kinachopita hapa, tunakata."

"Nanyi mnaona hiyo ni haki?"

"Mama, sisi hatujui haki. Tunajua dari. Punguza kinachoingia kwa maiki. Ukipunguza kwenye spika peke yake, utatoka umekatwa vilevile, ila kwa sauti ya chini, kwa unyenyekevu."

Neno hilo la mwisho liliniudhi kuliko mapanga yao.

Nilijikuta tena chumbani. "Kanisius, punguza maiki."

"Nipunguze? Watasema nimekudharau kwa sababu wewe ni mwanamke."

"Punguza, mwanangu, kabla sijakupunguza wewe."

Hakupunguza. Nikamsogeza kwa kiwiko na kukishika kifundo mwenyewe. "Leokadia, tuimbie irabu moja tu. Usiibadilishe."

Leokadia anaimba "aaa". Ninarudisha kifundo nyuma: sauti moja inaingia, sauti moja inatoka, laini kama mdomo wa chungu. Ninakipandisha: "aaa" inaota miiba, madawati yanajaa. Ninakirudisha: madawati matupu. Ninakipandisha: wamejaa tena, na mmoja anapiga miayo.

"Mmeona?" niliwauliza wanaume. "Leokadia ni mmoja. Hawa wengine wametoka wapi?"

"Yule wa mwisho ana ndevu," alisema mmoja wao.

"Leokadia hana ndevu," mwenzake alikubali baada ya kumtazama kwa makini.

Bwana Ndunguru aliruka kutoka kitini. "Tupige kura sasa hivi, kabla wageni hawajachoka! Wanaotaka saruji, mikono juu!"

Mikono inapanda, msitu mzima. Mkono wa Mwenyekiti uko juu kuliko yote.

Nilishusha kifundo, nikasogeza maiki. Hasira yangu haikupungua hata chembe; nilichopunguza ni kifundo.

"Bwana Ndunguru," nilisema, "chumba hiki ni chetu. Saruji haijui kusoma, wala haina mtoto wa kupeleka kliniki. Mtafutie mpwa wako ghala, nawe ujitafutie haya."

Kila kilima kilipita chini ya dari na kilele chake. Wale wawili waliweka mapanga chini. Wageni walianza kufifia, kwanza miguu, kisha magauni, mikono mwisho. Ukabaki mkono mmoja tu hewani.

"Shusha," nilimwambia Mwenyekiti.

"Siwezi, mpaka uhesabiwe."

"Nimeuhesabu. Basi kaa nao hivyo hivyo."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na Leokadia alikuwa mlangoni amevaa tayari kwa mkutano wa leo wa kupigia kura chumba chetu.

"Hodi, Mama Batlida! Umesikia habari za Mwenyekiti?"

"Bado."

"Bega limemkaza usingizini. Nimepishana naye njiani, mkono wa kulia uko juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Anataka mkutano uahirishwe."

"Hauahirishwi," nilimjibu, nikitafuta viatu. "Atakayepinga tutamsikia. Na yeye kura yake tumekwisha kuiona."