Breki ya Mwalimu

Kilichokuwa ndani ya oveni ya mama hakikuwa mkate. Nilikiona kupitia kioo cha mlango wake: kipande kikubwa cha alumini chenye mashimo, kimekaa juu ya trei yake ya kuokea, kinafuka moshi mwembamba. Jiko zima lilinuka oili iliyoungua. Baba alikuwa amesimama kando na aproni ya mama kifuani, glavu za mama mikononi, anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri keki iumuke.

"Usifungue," akasema. "Joto litatoka."

Nikamuuliza ni kitu gani kile.

"Kasha la injini. Likipata moto linatanuka. Beringi ziko kwenye friza, zinasinyaa. Ukivikutanisha kwa wakati wake zinaingia zenyewe, hata nyundo huhitaji." Akatabasamu. Tangu tumzike mama sikuwa nimeliona tabasamu lile, na nilitamani kulifuta kwa kofi.

Nilifungua friza. Beringi zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimelala juu ya mkate wa mwisho aliouoka mama, ule niliokuwa nimeshindwa kuula na kushindwa kuutupa. Nikautoa mkate, nikaukumbatia na baridi yake, nikatoka bila kuaga. Watu husema hasira hasara. Mimi siku ile sikuona hasara yoyote, niliona mafuta machafu ndani ya oveni ya mwanamke aliyekuwa akiifuta kila siku kwa kitambaa cheupe.

Mji mzima ulimwita baba Mwalimu Taratibu. Kama una leseni na hujagonga mtu, yawezekana ulipitia mikononi mwake. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine upande wa pili, chini ya mguu wake yeye. Ile tuliiita breki ya mwalimu. Mwanafunzi angeweza kudhani anaendesha, lakini ikifika njia panda, kabla hajafikiri, gari lilikuwa limeshaanza kusimama lenyewe. Nyuma ya gari alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe, haraka haraka haina baraka. Waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walipata muda wa kutosha kuyasoma maneno yale mpaka wakayachukia.

Alifundisha wauguzi, makarani, wauza samani, mapadri na masheikh. Alinifundisha mimi. Mama hakumfundisha. Kila mama alipouliza alijibiwa kesho, au wiki ijayo, au baada ya msimu wa mitihani, na baba alipobanwa sana alicheka na kusema, "Mke wangu, kinyozi hajinyoi." Basi mama akaishia kubebwa. Mimi nilipokuwa najifunza, alikuja nasi kila mara, eti kusindikiza. Aliketi kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, ameinama mbele katikati ya viti viwili, macho chini. Baba alimwambia aegemee vizuri, atapata maumivu ya mgongo. Hakuegemea.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo rohoni siku baba alipoingia uani akisukuma pikipiki. Udongo wa kaburi haukuwa umetulia vizuri. Aliitoa kwenye banda la jirani, ambako kuku walikuwa wakiilalia juu, na ushahidi wa kuku ulionekana kuanzia tangi mpaka mkiani. Kutu ilikuwa imekula bomba la moshi. Injini ilikuwa imekwama kabisa, na hata bure ingekuwa ghali.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Ya uwanjani." Kulikuwa na uwanja wa mbio mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, na siku fulani fulani ulifunguliwa kwa watu wa kawaida. Hakuna mashindano, hakuna kikombe. Unaleta chombo chako kikiwa salama, unazunguka kwa kasi unayoiweza, unarudi nyumbani. Baba alinieleza haya akiangalia pembeni, kama kijana anayemtaja msichana kwa mara ya kwanza.

Mtu mzima hovyo, nikawaza. Halafu nikawaza neno baya zaidi: kufa kufaana. Mwanamke alikaa naye maisha yake yote kwa mwendo wa kobe, na sasa hayupo, ndiyo mwenzake amekumbuka kwamba kuna kukimbia.

Kochi la mama likasukumwa barazani, pikipiki ikaingia sebuleni. Nilipompigia shangazi kushtaki, akaniambia nimwache kaka yake, kila mtu analia kwa namna yake. Nikamwambia mimi nalia kwa macho, sijaona mtu anayelia kwa spana.

Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: alikuwa na mkono mzuri. Alivunja injini yote, akaiosha kipande kwa kipande ndani ya beseni la kufulia, akavipanga vipande juu ya meza ya chakula kwa mpangilio ule ule aliovitolea. Alibadilisha breki, akaweka matairi laini ya kukimbilia. Kila bolti ambayo ikilegea ingemwaga oili barabarani aliitoboa kichwa na kuifunga kwa waya mwembamba, maana huko uwanjani, alisema, oili yako si yako peke yako, ni ya anayekufuata. Kisha akaanza kuondoa. Taa ya mbele, taa ya nyuma, honi, vioo, indiketa. Vitu vyote alivyotumia maisha yake kuwafokea watu wavitumie, alivifungua mwenyewe na kuviweka katika ndoo.

Siku moja nilimkuta na grinda, cheche zinaruka mpaka kwenye pazia. Alikuwa anakata sehemu ya nyuma ya fremu, pale kinapokaa kiti cha abiria. Viegemeo vya miguu vya abiria vilikuwa tayari chini, vimelala kwenye vigae.

"Unafanya nini?"

"Napunguza uzito. Uwanjani hupakii mtu."

Sijui nilipaza sauti kiasi gani, ila jirani alichungulia dirishani. "Umekata mahali pa mama!"

Alizima grinda. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao wenyewe ndio uliozidi kuniunguza. "Mama yako hakuipanda hii hata siku moja."

"Ndiyo maana nasema!"

Hakunielewa, au alielewa akatia pamba masikioni. Aliwasha tena. Mimi nikarudi kwangu, na kwa muda mrefu nilimpelekea chakula nikakiacha mlangoni, kama kwa mpangaji.

Basi kwa nini nilikwenda naye? Sheria ya uwanja ilisema mtu haji peke yake, na hakuwa na mwingine. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimemzika mzazi mmoja, na kama huyu wa pili alikuwa amedhamiria kuvunjika shingo, sikutaka aokotwe na wageni. Nilitaka niwepo, nimshike, na nimwambie kwamba nilimwambia.

Mwenye bucha alituazima trela. Tukaifungia pikipiki juu yake, nikashika usukani wa gari la mafunzo, naye akaketi kiti chake, upande wa breki ya mwalimu. Akaanza. Njia panda ya kwanza, akakanyaga. Penye tuta, akakanyaga. Lori likitokea kwa mbali kabisa, akakanyaga. Nilikuwa mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizoanza kuchungulia, ninaendesha kila siku ya Mungu kwenda kazini, na gari likanisimamia kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Baba, toa mguu."

"Sijagusa kitu."

Akakanyaga tena.

Uwanjani mkaguzi aliizunguka pikipiki, akapiga magoti, akapapasa zile nyaya, akasema amekagua nyingi za mafundi wenye karakana na hajaona kazi safi namna ile. Baba alivaa suti ya ngozi ya kuazima iliyombana tumboni, akaweka helmeti, akaingia. Mimi nilisimama kwenye ukuta mfupi kando ya lami.

Alikwenda taratibu. Ningecheka kama ningeweza. Pikipiki ile aliyoipunguza uzito mpaka ikabaki mifupa, aliiendesha kama amebeba mayai. Wengine walimpita kulia na kushoto kwa kelele za kupasua masikio. Na alipofika kwenye kona, nikaona mkono wake wa kushoto unatoka, umenyooka vizuri, kuonyesha kwamba anaelekea kushoto. Kona iliyofuata ilikuwa ya kulia. Mkono ukapanda juu, umekunjwa kwenye kiwiko, kama ulivyo katika kitabu. Indiketa alikuwa ameziondoa. Mkono ulijua kazi yake hata bila yeye.

Nyuma yake watu wakaanza kufunga breki. Uwanjani, kumbe, aliyeinua mkono anasema ameharibikiwa, anatoka. Baba alikuwa anaharibikiwa kila kona. Bendera ikapeperushwa, akaitwa nje.

Msimamizi, mwanamke mwenye kofia nyekundu, alizungumza naye kwa heshima. "Mzee wangu, huku hakuna wa kumwonyesha. Wote tunakwenda upande mmoja. Ukiinua mkono, wenzako wanadhani una shida. Tafadhali, ukirudi tena namna hii nitalazimika kukuzuia kabisa."

"Samahani, mama," baba akasema. "Ni mazoea."

Jamaa mmoja aliyekuwa akinywa maji pembeni akasema kwa sauti, "Mzee anatafuta maegesho," na wenzake wakaangua kicheko. Nikamgeukia. Nilimwambia kwamba mzazi wangu nitamsema mimi, si yeye, na kwamba kama ana mdomo mrefu hivyo aende akaoneshe bolti zake zilizofungwa kwa waya, tuone kama kuna hata moja. Hasira yangu ilikuwa imeshapata njia, na haikutaka kurudi ndani. Nikamfuata baba pale alipokuwa ameegemea pikipiki, helmeti mkononi, jasho linamtiririka.

"Umelichafua jiko lake kwa ajili ya hiki?" nikasema. "Umekata, umetoboa, umechoma, halafu unakuja kutembea? Mama alikwenda kasi kuliko wewe."

Akainua uso. "Mama yako hakujua kuendesha."

"Alijua."

Nilikuwa nimemwahidi mama nisimwambie. Alisema baba ataumia. Lakini siku ile nilitaka aumie. Nikamweleza: ile safari aliyokwenda yeye kumuuguza mdogo wake, alituachia gari. Nikampeleka mama kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa, nikamwachia usukani, nikajiandaa kumfundisha. Sikupata nafasi. Alirekebisha kiti, akafunga mkanda, akaangalia kioo, akatia gia, akaondoka. Mara ya kwanza tulizunguka polepole. Kisha akakanyaga mafuta mpaka vumbi likaufunika ukuta wa kiwanda, na mimi nimeshika dashibodi namwomba Mungu, na breki ya mwalimu iko chini ya mguu wangu, na kila nilipotaka kuikanyaga aliniambia, "Toa mguu, mwanangu." Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Pikipiki zilipita nyuma ya ukuta.

"Kwenye kona," baba akauliza hatimaye, "gia alifanyaje?"

"Alishusha kabla ya kuingia. Kama wewe."

"Nani alimfundisha?"

"Wewe," nikasema. "Alikuwa nyuma yako miaka yote ile. Alikuwa anaangalia miguu yako."

Aliitazama ile sehemu ya nyuma ya pikipiki aliyoikata na kuilainisha kwa msasa, akaipitishia kiganja. Halafu akavaa helmeti. Nilimwambia inatosha, twende nyumbani. Alikuwa ameshaiwasha.

Zamu ile, ya mwisho siku hiyo, alianza vile vile, kwa woga, lakini mikono yote miwili ilikuwa mahali pake. Alipofika kwenye ile njia ndefu iliyonyooka nikasikia injini inabadilika sauti, inapanda, inaendelea kupanda pale ambapo baba ninayemjua angekuwa ameiachia. Akalala juu ya tangi. Akanipita. Sikumwona uso, niliona mgongo tu, na ule mkia mfupi usio na kiti. Akaingia kwenye kona akiwa ameinamia upande mmoja, hakuna mkono uliotoka, na sikuondoa macho mpaka alipotokea upande wa pili.

Aliporudi alishindwa kushuka peke yake, ikabidi nimshike. Sikumwambia hongera. Sikuwa nayo. Tuliifunga pikipiki kwenye trela, yeye kamba upande huu, mimi upande ule, tukakaza mafundo.

Nikaingia kwenye gari, nikamsubiri afungue mlango wa upande wake. Alisimama pale kidogo, mkono kwenye kitasa. Kisha akakiacha, akafungua mlango wa nyuma, akaingia.

Sikumuuliza. Nilikuwa bado nimekasirika, na mpaka leo, kila ninapowasha ile oveni na harufu ya oili kuutangulia mkate, hasira ile huamka. Nilifunga mkanda, nikaangalia kioo. Baba alikuwa ameinama mbele katikati ya viti viwili, macho chini. Kando yangu, breki ya mwalimu haikuwa na mguu wa mtu.

Nikatia gia, nikakanyaga mafuta.