Daftari Chini ya Mguu wa Meza

"Jibu basi, Mpireo!" Mama mkubwa Anezina aligonga meza kwa mpini wa kisu. "Au tusubiri meli ya kesho?"

Watu kumi na wawili walinikodolea macho. Fidla ya mjomba Florios ilirudia kipande kilekile, ikizunguka na kuzunguka, kama mtu aliyekushikia mlango huku mkono umeanza kumchoka. Jua la saa saba mchana lilipenya majani ya mzabibu na kunidonoa shingoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na beti arobaini nilizozitunga mwenyewe. Hata mmoja haukunifaa.

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimeshuka melini kisiwani Naxos peke yangu, kifua mbele. Nilizaliwa Pireo, katika ghorofa linalotazamana na winchi za bandari, na kisiwa cha mama nilikijua kwa mdomo wake tu. Lakini jina langu lilikuwa la huko: Tzannis, jina la babu, mchimba smirida, lile jiwe jeusi la kunolea. Ukimtupia babu ubeti, mama alikuwa akisema, anakujibu kabla hujafunga mdomo. Nami kutunga sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu chakavu na kwa kuhesabu silabi vidoleni nikingoja basi, na niliamini kwamba Pireo nzima haina mwenzangu.

Mama mkubwa alinipokea mlangoni kijijini, juu mlimani, akanibusu mashavu yote mawili, kisha akanishika kidevu.

"Jina la baba yangu siliiti ovyo," alisema. "Kwa sasa wewe ni Mpireo. Tutaonana mezani, sikukuu ya Bikira Maria."

Siku nne hizo sikulala vizuri kwa furaha. Nilishuka bandarini nikaukumbatia mhimili wa lile lango la marumaru lililosimama peke yake tangu enzi za wapagani, marumaru ikiwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Nilipanda mlima Zas mpaka kileleni. Nilichungulia midomo ya machimbo, pale vigari vya smirida vilipobaki vinaning'inia kwenye waya, vyekundu kwa kutu, na nikaita jina la babu ndani ya giza. Likanirudia. Popote nilipofika nilichomoa daftari. Ubeti wa lango, ubeti wa mlima, ubeti wa jibini kali inayong'ata ulimi. Nilikuwa nikijiwekea akiba, kumbe najichimbia shimo.

Kwa maana mezani kwa mama mkubwa kuna sheria moja, ambayo hakuna aliyeniambia kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu anaweza kutoijua. Ubeti ni mistari miwili, na lazima uzaliwe palepale, kutokana na neno la aliyekutangulia au kitu kilicho mbele ya macho.

Mfungo wa wiki mbili ulikuwa umekwisha asubuhi ile. Mbuzi alitoka tanurini akiwa juu ya viazi vilivyonywa mafuta yake yote, na meza ikayumba alipowekwa, maana mawe ya ua ule hayakuwahi kulingana. Fidla ikalia. Walianza kutupiana beti: juu ya mpara wa jirani, juu ya chumvi iliyozidi, juu ya bi harusi mtarajiwa aliyekuwa akila bila kupumua. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Wengine wote walikuwa wameketi.

*Bahari imekupamba,*
*lango jeupe la mwamba!*

Florios alishusha fidla kidogo.

"Lango liko wapi, mpwa wangu? Mimi hapa naona mbuzi."

Mama mkubwa hakucheka. Aliimba kwa utulivu, macho kwenye sahani:

*Mkate umekauka,*
*hata paka auruka.*

Meza ililipuka. Jirani mwenye mpara alijipiga mapajani. Bi harusi mtarajiwa alipaliwa. Masikio yalinichoma. Na hapo, kwa hasira, nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza: nilitoa daftari mfukoni nitafute jibu.

"Anasoma!" mtu alipiga yowe. "Bikira Maria, anasoma!"

Florios alilinyakua kwa mkono ulioshika upinde wa fidla, akalikunja mara mbili, akainama na kulisukumiza chini ya mguu wa meza. Akaitikisa meza. Ilitulia tuli.

"Haya," alisema, akirudisha fidla begani. "Angalau limepata kazi."

Ndipo mama mkubwa alipogonga na kusema nijibu.

Nilikaa chini. Sikuwa na kitu mkononi wala kichwani, kwa hiyo nikatazama. Alikuwa amegeukia tena kazi yake, akinoa kisu cha kukatia mbuzi, taratibu, juu ya kipande cha jiwe jeusi lililochimbika katikati kwa miaka ya kunoa. Sikuhitaji kuuliza nani alilitoa mlimani. Ubeti ukanitoka wenyewe:

*Jiwe hili la kunoa,*
*ubutu wangu latoa.*

Kisu kilisimama. Fidla ilipanda ghafla, ikashika mbio. Mama mkubwa aliniinulia macho, na jibu lake halikuchelewa hata pumzi moja:

*Noa taratibu, mwana,*
*usije ukajichana.*

Wakapiga makofi, si yangu tu, yetu sisi wawili. Damu ilinienda mbio utadhani nimeteremka Zas kwa kukimbia. Yeye alikuwa amekwisha kugeukia mbuzi, akikata paja.

"Mmiminieni Tzannis mvinyo," alisema, bila kunitazama. "Glasi yake tupu."

Sasa ni miaka saba, na kila Agosti narudi. Daftari sijalidai. Mvinyo umelilowesha, kuku wamelidonoa pembe, na wino wa lango na mlima umekwisha kuingia kwenye jiwe. Meza haiyumbi.