Mwanamume wa Sura ya Pili

Siku za kumenya hoho, katika ua wa Bibi Persida mwanamke mmoja tu alibaki na mikono misafi, naye ni Grozdana. Si kwamba alikuwa mvivu. Wenzake ndio waliomkataza kugusa hoho, maana ukishamenya hoho ya kuchoma huwezi tena kushika kitabu, na Grozdana asiposhika kitabu, nani atawasomea? Sehemu yake walimmenyea wao, na ajvar, ile rojo ya hoho za kuchoma inayowekwa kwa majira ya baridi, ilipoiva alipata chupa zake sawa na wengine.

Vitabu vyenyewe ni vile vya kioski cha kituo cha mabasi pale mjini Leskovac. Vyembamba, karatasi nyepesi, na kwenye jalada mwanamume kifua wazi kamkumbatia mwanamke ambaye nywele zake hazijawahi kukutana na moshi wa jiko. Wapo watu wanaovicheka, na wacheke hadi mbavu ziwaume. Watu haohao hukaa jioni nzima wakitazama wanaume wazima wakifukuzana na mpira, na hakuna anayewaambia kwamba mwisho wake unajulikana, kwamba kuna atakayefunga na kuna atakayemtukana refa.

Wanawake wa ua ule walizijua njia zote za hadithi za mapenzi kama walivyoijua njia ya sokoni. Mvua ikianza na gari likazimika milimani, Stamena, jirani wa ukuta wa pili, alikuwa akitupa kisu chini na kupiga kelele: "Haya! Nyumba ya wageni hiyo, na chumba kimebaki kimoja!"

"Na kitanda kimoja!" alidakia Zorka, jirani wa ng'ambo ya barabara, huku akijipangusa machozi ya moshi.

"Atalala sakafuni huyo."

"Alale sakafuni na mgongo ule? Subiri radi ipige."

Radi ilipiga. Katika vitabu hivyo radi haijawahi kumvunja moyo msomaji.

Tena kulikuwa na yule mchumba wa kwanza, mwenye masharubu mazuri na maneno mepesi, anayeondoka mapema akimwacha binti wa watu kwenye mataa. Huyo walimzomea kwa pamoja, na wakampa jina: mwanamume wa sura ya pili, kwa kuwa sura ya pili ya kitabu ndiyo humtupa nje. Jina likatoka kitabuni likaingia kijijini. Stamena alimwita hivyo marehemu mumewe, akamwita hivyo fundi bomba, na siku moja akamwita hivyo mgombea udiwani mbele ya umati.

Ila zilikuwepo kurasa ambazo hakuna aliyezitania. Waliziita kurasa za toba. Kitabu kikikaribia kwisha, yule mwenye kiburi, yule shujaa mwenyewe, hurudi kwa mwanamke aliyemuumiza na kutaja alichofanya kwa jina lake. Hasemi "kama nilikukosea". Hasemi "lakini na wewe". Anasema nilifanya hili, na hili, na kosa ni langu. Hapo visu vilisimama, na hata Stamena alifunga mdomo.

Bibi Persida, mwenye nyumba na mama mkwe wa Grozdana, hakukaa nao kamwe. Yeye alikaa jikoni pale uani, amewapa mgongo, akigeuza hoho kwa vidole vitupu, na kila baada ya muda alitupa neno begani. "Takataka." "Wanawake wazima!" "Mnalishwa upepo nyinyi." Alidai sikio moja halisikii na la pili hana haja ya kulichosha kwa upuuzi. Alikuwa fundi wa kuchoma hoho kijiji kizima. Zilimuungulia mara chache tu, na Grozdana, kwa kuwa macho yake yalikuwa kitabuni, hakuwahi kujiuliza huwa ni wakati gani.

Jumamosi moja Grozdana alisoma vibaya. Aliruka mistari, akamwita Eleonora, yule binti wa kitabuni, kwa jina la farasi. Asubuhi, kabla wenzake hawajafika, Bibi Persida alikuwa amemwambia huku anakoroga kahawa: "Novica anakuja leo. Yule mwanamke amemfukuza." Alikunywa kahawa yake akatoka kwenda kuwasha jiko.

Novica ni mume wa Grozdana. Alikwenda Linz, Austria, kufanya kazi ya ujenzi msimu mmoja, na msimu ukageuka miaka. Habari kwamba anaishi na mwanamke mwingine Grozdana aliletewa na binamu, harusini, kati ya supu na nyama ya kuchoma. Novica mwenyewe hakuwahi kutamka. Alimpigia mama yake simu siku ya Mtakatifu Nikola, sikukuu ya nyumba yao, na kuuliza hali ya hewa. Baba yake alipofariki hakuja kuzika. Bibi Persida alipoanguka kwenye ngazi ya mti wa jozi akavunjika nyonga, aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni Grozdana. Na nyumba ilikuwa ya Bibi Persida, kuanzia vigae hadi kizingiti. Kwao Grozdana wazazi walishakufa, na kaka yake alijaza vyumba vyote na watoto.

"Basi mpokee," alisema Stamena alipoambiwa. "Shoga yangu, mimi ndiye wa mwisho kumtetea, lakini ukimkataa utalala wapi? Bibi atamchagua mwanawe. Hata mimi ningemchagua wangu, na unamjua wangu alivyo."

"Nitampokea akisema," Grozdana alijibu.

"Akisema nini?"

"Alichofanya. Kwa mdomo wake."

Zorka alicheka kwa huruma. "Toba? Mpenzi, hayo ni ya vitabuni."

"Sasa ningejifunzia wapi kwingine?" Grozdana aliuliza, na sauti yake ilipanda hadi kuku wakasogea. "Nyumbani kwetu baba alimpiga mama, kesho yake akaleta ndizi. Hizo ndizi ndizo zilikuwa samahani. Hapa kijijini mmewahi kusikia mwanamume akisema nimekosa? Vitabu vinadanganya kuhusu vifua, sawa. Vinadanganya kuhusu majumba, sawa. Hili moja havidanganyi. Mtu akikuumiza anapaswa kusema. Silihitaji jumba, nalihitaji hilo."

Kutoka jikoni ilisikika sauti moja tu: "Takataka."

Grozdana aliumia kuisikia. Miaka yote ya kuogesha mgongo ule, na mgongo wenyewe haukugeuka hata leo.

Gari lilifika wakati Eleonora anatazama dirishani. Lilikuwa na namba za kigeni na vumbi la barabara kuu. Novica alishuka amenenepa shingo, amekonda miguu, kakumbatia boksi lenye picha ya mashine ya kahawa. Alimbusu mama yake mara tatu mashavuni. Mama alikubali kubusiwa, akarudi kugeuza hoho.

"Grozdana!" alisema Novica kwa uchangamfu wa mtu aliyetoka dukani. "Naona umependeza. Shika, hii yako. Unabonyeza tu, inakoroga yenyewe."

"Asante. Iweke hapo chini."

Aliiweka. Alisubiri, hakuna aliyeifungua. Alivuta kigoda akaketi, akawatazama wanawake waliokuwa wakimenya kwa bidii ya ghafla.

"Mimi nimerudi," alisema. "Huko mambo yameisha. Yaliyokuwa yalikuwa, tusichimbue. Tuanze upya kama watu wazima." Kisha akaliona jalada mapajani mwa Grozdana, akaangua kicheko. "Mungu wangu, bado tu? Hebu lete!"

Alikitwaa kitabu kabla hajazuiwa, akakifungua pale penye uzi wa alama, akajikohoza, akaanza kusoma kwa sauti ya kubana pua kama mwigizaji wa kuchekesha.

"'Eleonora,' alisema Armando, na mvua ilikuwa ikimtiririka usoni. 'Sikuja kuomba unipokee. Nimekuja kusema. Nilikuacha, na hakuna aliyenilazimisha. Niliuamini uongo wa binamu yangu kwa sababu ulinifaa...'"

Visu vilisimama. Zorka alikodoa macho. Ni kurasa za toba, na mwenye kuzisoma ni Novica.

"'Nilijua unaningoja,'" aliendelea, na pua ikaanza kufunguka, "'na nilikuacha ungoje, kwa sababu kungojwa kulinipa raha. Baba alipokufa... '" Alitazama mstari unaofuata, kisha akatazama kurasa kana kwamba mtu fulani amemtegea. Hakuna aliyemtegea. Vitabu hivyo vyote vina baba aliyekufa mahali fulani.

Harufu ya kuungua ilianza kuenea uani.

"Endelea," alisema Grozdana.

"Upuuzi huu."

"Basi kifunge, useme ya kwako. Mimi sitaki mvua wala magoti. Taja tu ulichofanya."

Novica alipata wekundu shingoni. Aliwatazama majirani, akatazama mgongo wa mama yake, akatabasamu upande mmoja. "Sawa. Kama nilikukosea..."

"Kama!" Stamena alipaza sauti, na hoho ikamtoka mkononi ikaangukia kiatu. "Amesema kama!"

"We mama, hayakuhusu!" Novica alimfokea Stamena akisimama, na uchangamfu wote ukamtoka. "Nimeendesha gari tangu jana kuja kuhojiwa na wamenya hoho? Sikiliza, Grozdana. Hii ni nyumba ya mama yangu. Ukinitaka, mimi hapa. Usiponitaka, lango lile pale."

Grozdana aliogopa. Aliogopa waziwazi, na kwa muda kidogo alikiona chumba chake cha juu, kile cha dirisha la upande wa mti wa jozi, na vitabu vyake nyuma ya chupa za achari ghalani. Neno moja tu, na vyote vingebaki vyake. Alifungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boksi la mashine ya kahawa.

"Basi nitatoka kwa lango," alisema. "Nitalala jikoni kwa kaka yangu, na nitasoma kwa mwanga wa friji ikibidi. Lakini sitaishi tena na mtu aliyeniletea ndizi."

"Ndizi gani?" Novica aliuliza, kwa kuwa hakuelewa.

Hapo Bibi Persida aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa msimu mzima wao kumwona uso akiwa jikoni, na uso ule ulikuwa umelowa, huenda kwa moshi. Nyuma yake hoho zote zilikuwa makaa.

"Armando ni mpumbavu," alisema. "Nilijua tangu alipomwamini yule binamu. Mtu mwenye akili angemuuliza Eleonora mwenyewe. Lakini hata mpumbavu yule amesema."

Stamena alijishika kinywa.

"Mama, na wewe?" Novica alisema.

"Na mimi nini? Mimi nina sikio moja zima." Alichukua fimbo yake, akamsogelea hadi akasimama karibu naye kabisa. "Mke wako anangoja usikie aibu. Mimi pia nangoja. Baba yako alikuulizia kwa siku zote alizolala mgonjwa. Jeneza lilibebwa na majirani. Haya, niambie mimi basi. Mimi ni mama yako, nitakubali hata vibaya vibaya. Sema."

Novica alikuwa na nafasi nzuri kuliko ambayo Armando aliwahi kupewa, bila mvua, na mama mwenyewe akimwombea kwa macho.

"Nilikuwa na kazi, mama," alisema. "Unajua jinsi Waaustria walivyo."

Bibi Persida alimtazama. Alimpenda, hilo lilionekana, na lilimchoma kuliko jiko.

"Ah," alisema taratibu. "Sura ya pili."

Bibi aliichukua aproni juu ya boksi, akamrudishia Grozdana mikononi, kisha akalisukuma boksi kwa fimbo hadi miguuni mwa mwanawe.

"Lango ulilomwonyesha, ufunguo wake ninao mimi, na chumba cha juu ni cha Grozdana hadi atakapochoka nacho. Wewe nenda kalale kwa binamu yako. Ukipata la kusema, njoo ulisemee hapahapa, mbele ya hawa. Tupo hadi hoho ziishe."

Gari liliondoka kwa kelele nyingi. Kwa muda kila mtu alijifanya kutafuta kitu: Zorka kisu, Stamena hoho yake iliyoanguka. Grozdana alifunga aproni yake. Alitaka kumkumbatia yule mzee, lakini mzee alikuwa ameshaketi tena, mgongo kwao, akiokota makaa ya hoho na kuyatupa kwenye ndoo.

"Mwaka huu zimeniungulia mara ngapi," alinung'unika. "Ni kosa lenu."

Grozdana alikiokota kitabu kilichoachwa kwenye kigoda, akapangusa alama ya kidole cha Novica kwenye ukurasa, akatafuta mstari.

"Sasa?" Bibi Persida aliuliza bila kugeuka. "Eleonora anamjibu nini?"

"Mama, si unajua anachojibu. Wote hujibu vilevile."

"Najua," alisema Bibi Persida, akapanga hoho mpya juu ya jiko. "Soma."