Mkono wa Mama Shingoni

Vidole vyangu vilianza kuwashwa kwenye ubeti wa pili, na papo hapo nikajua nimefanya nini.

Gitaa la umeme lilikuwa la marehemu baba. Zito, jekundu lililogeuka kahawia, vanishi imekwanguka pale mkono wake ulipoegemea miaka ishirini. Ukilisogeza puani lilinuka sigara zake. Sauti yake ilikuwa na ukwaruzo kidogo, kama mtu aliyetoka kulia, na sisi watu wa Delta ya Mississippi tuliipenda hivyo hivyo. Baba alinifundisha jambo moja la kufanya kabla ya wimbo wowote: gusisha nyuzi kwenye maikrofoni. Zikitoa cheche, umeme umevujia kwenye nyuzi: geuza plagi ya amplifaya, ncha ya kushoto iingie kulia, kisha gusisha tena.

"Hivi vyombo vya zamani havina huruma, Verlene," alikuwa akisema. "Jaribu kwanza, ndipo upige."

Asubuhi ile ya Agosti, kwenye sherehe ya mwaka ya kanisa letu, nilijaribu. Kisha mvua ikanyesha, ikalowesha nyasi chini ya hema, na tuliporudi amplifaya ikawa inavuma.

"We Verlene!" Shemasi Purvis alipaza sauti, mkate wa mahindi mdomoni. "Hilo gitaa la baba yako linakoroma kuliko mimi kwenye mahubiri!"

Watu wakaangua kicheko. Kwa aibu nikageuza plagi, mvumo ukapungua, nikaanza kupiga. Sikujaribu.

Sasa Mama alikuwa ameshika maikrofoni, amevua viatu kama kawaida yake wimbo unapompanda, na kila mtu alijua kinachofuata. Angekuja nilipo, aniwekee mkono shingoni, tumalize pamoja. Alimfanyia hivyo baba miaka yote. Tangu tumzike, alinifanyia mimi. Maikrofoni mkono huu, mimi mkono ule: umeme ungepita katikati, moyoni mwake.

Niliogopa hadi sauti ikagoma kutoka. Mimi nilikuwa na soli nene za viatu. Yeye alikuwa pekupeku kwenye maji. Nyuma yangu kwaya ilikuwa imejipanga, hakuna pa kurudi. Nikatikisa kichwa. Akadhani wimbo umenigusa, akatabasamu, akanyoosha mkono. Nikauvua mkanda wake begani, nikalitupa gitaa la baba mbali kwa nguvu zangu zote.

Lilivunjika shingo. Amplifaya ikapiga yowe mpaka nilipochomoa plagi. Mkono wa Mama ulikuwa bado hewani.

"Kitu cha baba yako," akasema polepole. "Mbele ya watu. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Nilifungua kinywa. Lakini kumweleza kungekuwa kukiri kwamba plagi niliigeuza mwenyewe, na kwamba nilikaribia kumuua kwa sababu ya kicheko cha watu. Nikaogopa tena, woga mwingine kabisa.

"Nilichoka, Mama," nikasema.

Gitaa lilitengenezwa. Mshono uko nyuma ya shingo, kidole gumba changu kinaupata hata nikifumba macho, na sauti ni ile ile. Mama aliimba nami miaka mingine kumi na tisa, kila Jumapili, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye maikrofoni.