Ukuta wa Mama na Suti ya Emsii

Mimi nikisafiri, nguo zangu huwa chache, penseli ndizo nyingi. Kila mji ninaoshuka nachora kwanza, kamera inafuata baadaye. Mtu ukimchora anakuzoea. Ukimwelekezea kamera ghafla anakauka hapo hapo. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na mtu akiivuruga nakasirika. Nimeshaambiwa nina mdomo. Sawa, ninao.

Katika mji huo nilibakiwa na asubuhi moja tu kabla ya basi la mchana, na gauni langu la pekee la heshima lilikuwa na doa la chai. Nikalipeleka kwa dobi wa nyuma ya stendi, mtu wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Pasi. Kazi yote ilifanyika katika chumba kimoja: meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa, na kamba iliyolemewa na mashati ya watu. Nilimkuta amejaza maji mdomoni, mashavu yametuna. Mara, pfuuu! Akayapuliza juu ya shati, manyunyu membamba yakatua, pasi ikapita, mvuke ukapanda mpaka darini.

Moyo ukanilipuka kwa furaha. Nilikuwa na maonyesho ya picha za watu wakiwa kazini, mwezi uliofuata, na bado sikuwa na picha ya kuweka mlangoni. Kumbe yenyewe hii hapa, inapumua!

"Kaka, naomba nikuchore. Halafu nikupige na picha."

"Dada, wewe umeletwa na Mungu," akasema Pasi. "Ila kwanza nipigie moja ya kumpelekea mama."

Akanieleza huku akinyoosha kola. Ukutani kwa mama yake kuna picha za watoto wote. Kaka mkubwa kavaa joho, dada kavaa joho, kitinda mimba kavaa suti na tai nyekundu. Yeye tu ndiye hayupo, na mama halali juu ya jambo hilo, kila simu ni lawama.

"Na baba naye hayupo," akasema. "Alikuwa dobi, ndiye aliyenifundisha. Kila akiambiwa akapige picha, anajibu, ngojeni nipate suti. Miaka ikaenda, suti isipatikane, akatutoka hivyo hivyo. Mama hana picha yake hata moja. Sasa naona na mimi nafuata njia ile ile."

Nikamwambia hilo dogo, asimame tu hapo mezani. Akanitazama utadhani nimemtukania ukoo.

"Na fulana hii yenye matundu? Hebu nisubiri."

Akapotelea nyuma ya pazia. Nikasubiri nikigonga mguu sakafuni, maana basi halina shangazi hapa mjini wa kulichelewesha. Alipotoka, nusura nidondoshe kamera. Suti ya bluu, shati jeupe, tai! Mbele alikuwa waziri kamili. Nyuma, vibanio vya nguo vilijipanga uti wa mgongo mzima, kwa sababu mwenye suti alijaliwa tumbo na Pasi hana hata la kuazima.

"Ya nani hiyo?"

"Ya mteja. Anaifuata saa sita. Usinipige mgongoni."

"Pasi! Mimi nimekuja kutafuta dobi, wewe unaniletea waziri!"

"Dobi utampata baadaye. Mama anataka mtoto."

Nikapiga, midomo nimeibetua. Mikono ameibana ubavuni, hapepesi macho, hacheki. Safari nzima sikuwa nimepiga picha mbaya kama ile. Yeye alipoiona kwenye kioo cha kamera, alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa bila hodi. Akaingia bwana mnene, mshereheshaji wa harusi, ambaye watu wote wanamwita Emsii na ambaye hata akisemeshana na mtu mmoja hupaza sauti ukumbi mzima usikie.

"Mabibi na mabwana! Ile siyo suti yangu?"

Pasi akageuka kujificha, na kwa kugeuka akaonyesha vibanio vyote. Kimoja kikafyatuka kikaangukia ndoo. Nikauma mdomo nisicheke.

"Harusi ni leo! Kipaza sauti nashika mimi! Na suti yangu inapigwa picha na mwingine kabla yangu! Wewe dada, futa. Ifute nikikuona. Na kamera iingie begini, isitoke!"

Majibu nilikuwa nayo, tena ya akiba. Lakini Pasi alinitazama kwa macho ya kuniomba nisimharibie mteja. Nikafuta. Akaiona suti, tai na nafasi yake ukutani kwa mama vikitoweka kwa kidole kimoja, na uso ukamshuka. Mimi niliyeichukia picha ile, nikaumia kuliko mwenyewe.

Pasi akavua, akarudi kwenye fulana yake yenye matundu, akaitandaza suti mezani aanze upya. Emsii akakalia kigoda akahutubia kuhusu uaminifu na vijana wa siku hizi, ingawa kijana mwenyewe ana mvi. Pasi hakumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa maji.

"Unanisikia lakini?"

Pasi akaitikia kwa kichwa, mashavu yametuna. Pfuuu! Mvuke ukapanda. Mkono wangu ukaifuata penseli wenyewe. Iliyokatazwa ni kamera, penseli haikutajwa.

Nikachora mabega yaliyoinama, blanketi lililoungua pembeni, mashavu, na jicho moja lililofumbwa nusu kuukwepa mvuke. Mstari ulikuwa unatii kila nilipoupeleka. Nilijua kabisa kwamba huu ndio mchoro wangu wa mlangoni, na nilifurahi kijinga. Emsii akakatiza hotuba akaja kuchungulia.

"Duh," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Suti ilipokwisha, Pasi naye akasogea. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi: ataniomba nimchoree koti juu ya fulana, na mimi nitamwambia nachora ninachokiona. Hakuniomba. Alilishika daftari kwa ncha za vidole.

"Huyu ni baba," akasema. "Dada, huyu ni baba kabisa. Tulikuwa tukimsemesha ana maji mdomoni, anatukodolea macho tu."

Machozi yakamtoka. Emsii naye akajifuta kwa tai.

"Usiilowanishe hiyo!" Pasi akafoka. "Ndiyo kwanza nimeinyoosha!"

Nisiwadanganye, roho ilinivuta huku na huku. Nikamuuliza Emsii kama kamera inaweza kupata ruhusa ya kutoka begini mara moja. Akaitoa kwa mkono wake. Nikaupiga picha ule mchoro, nikauchana daftarini, nikampa Pasi pamoja na namba yangu ya simu.

"Mpelekee mama."

Nikalikimbilia basi. Gauni nililiacha pale pale na doa lake, maana hakuna aliyelikumbuka.

Kwenye maonyesho, picha ya mchoro ule niliiweka mlangoni, na watu walikuwa wakisimama mbele yake wakitunisha mashavu. Nikiwa pale simu ikalia. Ni Pasi, anacheka mpaka anapaliwa.

"Dada, mama ameitundika katikati, juu ya majoho yote! Kila asubuhi anaiamkua. Nikimwambia, mama, huyo mbona ni mimi, ananifokea, nyamaza, mume wangu nitashindwa kumjua?"

"Basi hongera, kaka!"

"Hongera ya nini? Baba kaingia, mimi bado niko nje! Rudi, dada. Gauni lako liko safi, na Emsii kasema safari hii suti ataniazima mwenyewe, vibanio atavishika yeye."

"Na mama anasemaje?"

Akashusha sauti.

"Mama kashapiga msumari. Pembeni ya baba."