Pazia la Pier

Wietske alifuata masharti yote, na hilo ndilo lililomchanganya.

Masharti alipewa mlangoni kwa mzee Roelof, mfugaji aliyemuuzia watoto wawili wa nyoka wa mahindi, wekundu kama matofali, wasio na sumu, kila mmoja mwembamba kama kamba ya kiatu. Kila mmoja akae kwenye sanduku lake. Wiki nzima usiwaguse. Siku ya saba wape chakula. Mpaka kila mmoja awe amekula mara mbili, mikono yako ikae mfukoni.

"Kwao wewe ni mlima unaopumua," mzee alimwambia. "Wape muda wajue kwamba mlima huu hauli nyoka."

Kisha akaongeza la mwisho: atakayekataa chakula mara tatu mfululizo arudishwe kwake, maana watoto wa namna hiyo hawana akiba mwilini. Na akirudi, amerudi.

Mmoja wao, Saar, alikuwa amekula mara mbili. Mwenzake, Pier, alikuwa amekataa mara mbili.

Wietske hakuelewa. Chakula kilikuwa kilekile, vitoto vya panya visivyo na manyoya. Masanduku yalifanana, maranda ya mbao yalitoka mfuko mmoja, joto lilikuwa sawa. Miaka thelathini alikuwa amepeleka barua katika kijiji hiki cha Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na hakuna mbwa aliyewahi kumkataa zaidi ya siku mbili.

"Labda hapendi sura yako," alisema Douwe, mumewe, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Sura hii wewe umeivumilia miaka mingapi?"

"Mimi nilipikiwa, bibie. Yule anapewa panya wa kwenye friji."

"Nimemyeyusha! Kwa maji ya uvuguvugu, kama wa Saar!"

"Haya, usinile mimi sasa."

Usiku kabla ya kulala alimwombea Pier. Katikati ya maombi akasita. Je, inafaa kumwombea nyoka, baada ya yale yaliyotokea bustanini Edeni? Mwishowe akasema, "Bwana, wewe ndiye uliyemuumba, si mimi," akalala akiwa hajui kama ameomba au amelalamika.

Jumanne mzee Roelof alifika kwa baiskeli. Akanywa kahawa, akala biskuti yake moja, kopo likafungwa, maana desturi ya kule ni biskuti moja kwa kila mgeni.

"Umemshika?" aliuliza.

"Hata kwa kidole."

"Umemwangalia?"

"Kumwangalia si kumshika, mzee wangu."

"Basi umemwangalia mara ngapi?"

Wietske akaona uso unawaka moto. "Asubuhi nainua kidogo lile gome la mti analojifichia chini yake, nimsalimie. Mchana naangalia kama amehama. Jioni…"

"Na Saar je? Naye unamwinulia gome?"

"Saar yuko rafu ya chini, nyuma ya kiti cha Douwe. Magoti yangu hayakubali."

Mzee Roelof alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuka kulitazama dirisha kubwa la mbele. Kama madirisha yote ya mtaa ule, halikuwa limefungwa pazia; mama yake Wietske alikuwa akisema wanaojifungia mchana wana jambo la kuficha. Sanduku la Pier lilikuwa rafu ya juu, karibu na kioo, likitazama barabara. Wakati uleule mwanamke mmoja alisimamisha baiskeli yake nje, akainama, akapunga mkono.

"Anampungia nani huyo?" mzee aliuliza.

"Pier. Wote wanampungia. Tulidhani anafurahi kuwa na watu."

"Bi Wietske, umemweka mtoto sokoni halafu kila saa unamvua blanketi. Mwenzake amekula kwa sababu umemsahau."

Neno lile lilimkaa vibaya. Kusahau ndiyo kupenda? Basi yeye alikuwa anafanya nini wiki zote hizi?

Siku ya chakula ilikuwa Ijumaa. Saa tisa alasiri Wietske aliweka kipanya kwenye kisahani, akafunika sanduku kwa kitambaa cha kufutia vyombo, kisha, kwa mkono mzito, akavuta pazia la mbele.

Hazikupita dakika ishirini kengele ikalia. Douwe akafungua. Mlangoni alisimama Grietje wa nyumba ya pili, koti jeusi, sufuria ya supu mikononi, macho mekundu. Alipomwona Douwe alirudi nyuma hatua moja.

"We! Kumbe u hai!"

"Mpaka sasa, jirani. Kwani nimekufanyia nini?"

"Pazia limefungwa mchana, kama nyumba yenye msiba! Nikasema tayari, Douwe ameondoka. Nimewaambia mtaa mzima!"

"Basi supu iache, isiharibike bure."

"Ni nini humo ndani?" Grietje alinyoosha shingo. "Nichungulie kidogo tu?"

"Hapana," alisema Wietske, akashangaa sauti yake. "Hata mimi sichungulii."

Asubuhi aliinua kitambaa. Kisahani kilikuwa kitupu. Pier hakuonekana. Amekula, au amekisukumia kwenye maranda na kukiacha kioze? Mkono wa Wietske ukaenda wenyewe mpaka juu ya gome. Ukasimama hapo. Akaurudisha mfukoni mwa aproni, akampigia simu mzee Roelof.

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Vizuri. Ngoja mavi."

"Ngoja nini?"

"Mavi, Bi Wietske. Ndiyo stakabadhi yenyewe."

Siku nne pazia halikufunguliwa. Watu walipita wakipunguza mwendo, wengine wakaleta kadi za pole kwa ajili ya Douwe, naye akazipanga juu ya runinga kwa fahari. Wietske alizunguka sebule yenye giza kama mgeni. Hakujua afanye nini na macho yake.

Jumatano, akibadilisha maji ya kunywa, aliona kwenye kona kitu cheusi chenye ncha nyeupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Akakaa sakafuni, magoti yakubali yasikubali, akalia.

"Kuna nini?" Douwe aliita kutoka jikoni.

"Amekula!"

Douwe akaja, akachungulia alipoonyeshwa. "Unalilia hiki?"

"Ndiyo."

"Basi sasa tufungue pazia?"

Wietske alifuta macho kwa aproni. Alihesabu kwa vidole. "Bado mlo mmoja," alisema, akarudisha kitambaa taratibu, bila kuangalia chini ya gome.