Kabati la Kioo la Nipponbashi

Shiori alipanda ghorofa ya tatu ya duka moja la mitumba ya vitu vya katuni, pale Nipponbashi mjini Osaka, kutafuta rangi za sanamu zake. Akipita kwenye makabati ya kioo ambayo watu hukodi kuuzia vitu vyao, akasita ghafla. Ndani ya kabati moja alisimama shujaa mwenye mabawa mekundu, sanamu ndogo aliyoichonga na kuipaka rangi mwenyewe majira yote ya baridi. Nyuma yake zilipangwa nyingine zote alizoziacha kwa mumewe siku aliyofukuzwa.

Hata hajameza mate, akatokea Nobue, mama wa mume huyo, ufunguo mkononi.

"Hizo ni zangu, mama."

"Usiniite mama." Nobue alifungua kioo bila kumtazama. "Umejaza midoli nyumbani kwa mwanangu, mtu mzima ovyo. Nilitaka kuitupa, kumbe wajinga wenzako wananunua."

"Nilikuja kuzichukua, mkanifungia mlango."

"Na utaendelea kufungiwa."

Tokuda, mwenye duka, alikuja akiwainamia wote wawili. "Kina mama, tafadhali. Ya nyumbani myamalize nyumbani."

"Huyu anauza mali ya wizi dukani kwako," Shiori alisema, sauti ikafika hadi kwenye ngazi. Vijana wawili waliokuwa wakichungulia kabati wakajiondokea taratibu.

Nobue aliwaona wateja wakimponyoka. Akamtoa yule shujaa, akamsogeza mbele ya Shiori kama anayempa, kisha akaukunja ubawa mmoja mpaka ukakatika na kuanguka.

"Haya, chukua. Si wako?"

Shiori alitamani kumzaba kibao. Badala yake akapiga magoti, akauokota ubawa, akainuka na kuipokonya sanamu mkononi mwa Nobue.

"Tokeni," Tokuda alisema. "Wote wawili."

Jumapili iliyofuata Shiori alisimama chini mlangoni, karibu na wasichana waliovaa kama vijakazi wakigawa vipeperushi vya mgahawa wao. Kila aliyeingia, Shiori alimwonyesha sanamu iliyovunjika na kumtajia kabati la Nobue. Jumapili ya pili vilevile, mvua ikinyesha. Jioni hiyo Tokuda akashuka na boksi.

"Yule mama nimemnyang'anya ufunguo. Chukua vitu vyako, na dukani kwangu usikanyage tena."

Shiori alilipokea boksi. Hakumshukuru.